Madini adimu mwilini: yanaingiaje, yanakaa wapi, yanadhuru vipi?

Ng'ombe anapochunga hali majani peke yake. Katika kila tonge humeza na udongo, hasa wakati wa kiangazi majani yanapokuwa mafupi na kung'oka na mizizi yake. Mbuzi hulamba mawe. Kuku hudonoa mchanga kutwa nzima. Na katika familia zetu, mama mjamzito naye hununua sokoni kipande cha udongo akakitafuna. Siku ya sikukuu tunachinja, tunakaanga ini, tunachemsha supu ya mifupa. Basi ni haki mtu akiuliza: yale yaliyomo katika udongo huo yanaishia wapi?

Swali hili limetusogelea zaidi katika miaka ya karibuni. Magazeti na redio hutaja mara kwa mara "madini adimu", yanayotafutwa na mataifa makubwa kwa ajili ya simu, magari ya umeme na mitambo ya upepo. Kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, kina akiba kubwa ya madini hayo. Kilima cha Mrima, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, nacho kinayo. Kule Gakara nchini Burundi yalichimbwa tangu enzi za ukoloni wa Wabelgiji, na uchimbaji ulianza tena mwaka 2017 kabla ya serikali kuusimamisha mwaka 2021. Wanaokaa jirani na vilima vya namna hii ni wakulima na wafugaji kama sisi. Mwezi huu tuangalie yale yanayojulikana juu ya madini haya ndani ya mwili wa mnyama na wa binadamu.

NI MADINI GANI HAYA?

Yako 17 kwa jumla. Baadhi yake ni lanthanamu, seriamu, neodimiamu, gadoliniamu na itriamu. Majina haya ni mageni, lakini vyenyewe si vigeni. Neno "adimu" linatupotosha kidogo. Katika ukoko wa dunia seriamu ni nyingi karibu sawa na shaba, tena inaizidi risasi. Yanaitwa adimu kwa sababu yametawanyika, ni mahali pachache yanapokusanyika pamoja kwa wingi wa kutosha kuchimbwa, na kuyatenganisha ni kazi ngumu.

Kwa hiyo yamo, kwa kiasi kidogo sana, katika udongo wa shamba lako, katika vumbi la barabarani, katika mchicha na katika maji. Yamo pia ndani yangu na ndani yako. Hata hivyo mwili wa mnyama hauna kazi nayo inayojulikana. Chuma tunakihitaji kwa ajili ya damu, na zinki kwa ajili ya kukua na kupona vidonda. Madini adimu yanahitajiwa na baadhi ya bakteria tu. Kwetu sisi ni wapita njia, na madhara huja pale mpita njia anapogeuka kuwa mkazi.

MWILI UNADANGANYIKA

Kwa nini yakae? Sababu kubwa ni kwamba yanafanana na kalsiamu. Chembe zake zinakaribiana na za kalsiamu kwa ukubwa, ila zina nguvu zaidi ya kung'ang'ania. Kalsiamu ndiyo inayojenga mifupa na meno, ndiyo inayoamrisha msuli kukaza, na inasaidia mishipa ya fahamu kupeleka habari. Ikitokea lanthanamu ikafika kwenye mlango mdogo wa seli unaopitisha kalsiamu, huuziba kama ufunguo ulioingia katika kufuli lisilo lake: haufungui, na wenye haki ya kufungua hauwaachii nafasi. Wanasayansi wameutumia ukweli huu kwa miaka mingi katika maabara, kila wanapotaka kuizuia kalsiamu isipite.

Yakishaingia katika damu, madini haya hushikana na fosfeti na kuwa punje ndogo zisizoyeyuka. Ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kuchuja damu, huzikamata punje hizo, na wengu husaidia. Madini mepesi ya kundi hili, kama lanthanamu na seriamu, huelekea zaidi kwenye ini. Yale mazito huelekea zaidi kwenye mifupa. Ini huyatoa polepole kwa njia ya nyongo, lakini mifupa huyatunza kwa miaka mingi. Katika majaribio ya miaka ya 1950, panya majike waliodungwa madini mepesi ya kundi hili maini yao yalijaa mafuta katika siku chache. Panya madume hawakudhurika kwa kiasi hicho.

Habari hiyo inatisha. Lakini angalia neno "waliodungwa". Katika jambo hili, karibu kila kitu hutegemea mlango ulioingilia. Mwili una milango mitatu: kinywa, pua na mshipa.

MLANGO WA KWANZA: KINYWA

Huu ndio mlango wenye ulinzi mkali kuliko yote. Madini adimu yakimezwa, utumbo huruhusu sehemu ndogo mno kupita kwenda katika damu, chini ya sehemu moja katika 100, na mara nyingi chini zaidi ya hapo. Yanayobaki hutoka na kinyesi.

Jambo hili wataalamu wa mifugo wanalijua sana, hata wamelifanya chombo cha kazi. Wakitaka kujua majani yanachukua saa ngapi kupita tumboni mwa ng'ombe, huyapaka majani hayo madini adimu kidogo kama alama, kisha hupima samadi siku kwa siku. Hufanya hivyo kwa kuwa wana hakika kwamba kilichoingia kwa mbele kitatoka karibu chote kwa nyuma.

Nchini China wakulima wamekuwa wakichanganya madini haya katika chakula cha nguruwe na kuku tangu miaka ya 1980, ili wakue upesi. Majaribio yaliyofanywa kwingine yalileta matokeo yanayotofautiana. Huko Ulaya chumvi ya lanthanamu iliruhusiwa mwaka 2008 katika chakula cha paka, kwa sababu hushika fosfeti tumboni na kuzipunguzia figo mzigo. Binadamu wenye figo zilizoshindwa kazi nao hupewa vidonge vya lanthanamu kwa sababu hiyo hiyo. Nchini Marekani viliruhusiwa mwaka 2004. Wagonjwa hao humeza kiasi ambacho sisi hatuwezi kukipata katika chakula cha kawaida, na hata hivyo kinachoonekana katika mifupa yao baada ya miaka ni kidogo sana.

Basi vipi kuhusu ini na supu ya mifupa? Ni kweli kwamba ini na mfupa vina madini haya kuliko nyama ya kawaida. Lakini ng'ombe amechuja mara moja kwa utumbo wake, nawe unachuja mara ya pili kwa utumbo wako. Kwa mnyama aliyechungwa mahali pa kawaida, madini adimu si sababu ya kuiacha supu.

Hapo madini haya yanatofautiana na zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Zebaki ikiingia majini huongezeka hatua kwa hatua: mdudu anayo kidogo, samaki mdogo anayo zaidi, na samaki mkubwa anayekula wenzake anayo nyingi kupita wote. Madini adimu hufanya kinyume. Katika maziwa yaliyochunguzwa huko Kanada, viumbe vidogo vya chini ndivyo vilivyokuwa nayo kwa wingi, na minofu ya samaki ilikuwa nayo kidogo mno.

KOME WA MTO RHINE

Hata hivyo usiondoke hapa ukidhani kwamba yanayomwagwa mtoni hayana neno. Mwaka 2011 wanasayansi wawili wa Ujerumani walitoa taarifa kwamba maji ya mto Rhine yalikuwa na lanthanamu nyingi isiyo ya asili. Walifuata mto hadi karibu na mji wa Worms, wakakuta inatoka katika maji machafu ya kiwanda kinachotengeneza vichochezi vya kusafishia mafuta ya petroli. Baadaye, mwaka 2015, ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa magamba ya kome wa mto huo. Lanthanamu ya kiwandani ilikuwa imejengwa ndani ya magamba yale. Kome ana haja ya kalsiamu ili ajenge nyumba yake, naye akachukua lanthanamu kama fundi anayechanganya mawe mabovu na mazuri bila kujua.

Katika mto huo huo ilikuwemo pia gadoliniamu inayotoka hospitalini. Hiyo haikuonekana kuingia katika magamba. Ni kwa nini? Kwa sababu gadoliniamu ya hospitali hufungwa ndani ya dawa. Tutalirudia jambo hili hivi punde, maana linatuhusu sana.

MLANGO WA PILI: PUA

Mapafu hayana ulinzi kama wa utumbo. Vumbi laini likifika ndani kabisa, hukaa. Hili lilionekana kwa mafundi wa matbaa na waonyesha sinema wa zamani, waliotumia taa zilizowaka kwa vijiti vya kaboni vyenye seriamu. Moshi wa taa zile waliuvuta mwaka hadi mwaka. Wapo waliopata kikohozi, kifua kubana na makovu mapafuni, na madini yenyewe yalikutwa katika mapafu yao miaka mingi baada ya kuiacha kazi. Wang'arishaji wa vioo, wanaotumia unga wa seriamu, nao wamepatwa vivyo hivyo. Panya waliovutishwa vumbi la seriamu katika maabara mapafu yao yalivimba, na vumbi halikuwatoka upesi.

Kwa wachimbaji wetu somo hili si jipya. Vijana waliofanya kazi Mererani wanajua vumbi la mawe linavyokula mapafu na kuifungulia njia kifua kikuu. Vumbi la mwamba wenye madini adimu ni la jamii hiyo hiyo, tena huchanganyika na vumbi la mawe ya kawaida. Na vumbi halibaki mgodini. Baba hurudi nalo katika nguo na nywele, mama huzikung'uta kabla ya kufua, na mtoto amekaa pembeni.

MLANGO WA TATU: MSHIPA

Huenda hujawahi kukaribia mgodi, lakini mlango huu unaweza kufunguliwa kwako hospitalini. Katika kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku kubwa kupiga picha ya ndani ya mwili, mara nyingine mgonjwa hudungwa dawa ya kuifanya picha ionekane vizuri. Dawa hiyo ina gadoliniamu. Ilianza kutumika mwaka 1988 na imesaidia kuonyesha uvimbe na magonjwa ya ubongo ambayo yasingeonekana.

Gadoliniamu ikiwa peke yake ni sumu. Kwa hiyo watengenezaji huifunga ndani ya dawa, ipite katika damu ikiwa kifungoni na kutoka kwa mkojo. Mtu mwenye figo nzima huitoa karibu yote kwa siku moja. Hiyo ndiyo gadoliniamu ya mto Rhine: ilitoka kwa wagonjwa ikiwa bado kifungoni, ndiyo maana kome hawakuitumia.

Lakini mtu mwenye figo mbovu hukaa nayo siku nyingi, na kifungo dhaifu hufunguka. Tangu mwaka 1997 madaktari walianza kuona wagonjwa wa figo ambao ngozi yao ilikuwa ngumu kama ubao, viungo vikakakamaa hata wasiweze kunyosha mikono, na wengine wakafa. Kwa miaka kadhaa chanzo hakikujulikana. Mwaka 2006 madaktari wa Austria na Denmark waligundua kwamba wagonjwa hao walikuwa wamedungwa dawa ya gadoliniamu. Mamlaka za dawa zikatoa onyo, hospitali zikaanza kupima figo kwanza, na ugonjwa ule karibu ukatoweka. Kipimo kidogo cha damu kikawaokoa watu kutokana na ugonjwa usio na tiba ya hakika.

Mwaka 2014 madaktari wa Japani walionyesha kwamba hata kwa watu wenye figo nzuri, chembe kidogo za dawa hiyo hubaki katika ubongo baada ya kudungwa mara nyingi. Panya waliodungwa nao walionyesha hali hiyo. Hakuna ugonjwa wa ubongo uliothibitishwa kutokana na mabaki hayo, lakini mwaka 2017 Ulaya iliziondoa nyingi za dawa zenye kifungo kilicho wazi kama uzi, ikabakiza zile zinazoizunguka gadoliniamu pande zote kama kizimba.

MOYO WA UGANDA NA WA KERALA

Liko fumbo moja ambalo lazima tulitaje, kwa kuwa lilianzia kwa jirani zetu. Mwaka 1948 Dakt. J. N. P. Davies wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa unaokakamaza utando wa ndani wa moyo. Huwapata zaidi watoto na vijana wa familia maskini. Moyo hushindwa kujaa damu, tumbo hujaa maji, na mgonjwa hukosa pumzi. Ugonjwa huo ulionekana pia Msumbiji, na katika jimbo la Kerala kule India.

Pwani ya Kerala ina mchanga wenye seriamu nyingi. Daktari wa moyo M. S. Valiathan na wenzake walijiuliza kama seriamu, pamoja na upungufu wa magnesiamu kwa watu wanaoishi kwa muhogo, ndiyo inayokakamaza moyo. Panya walionyimwa magnesiamu na kupewa seriamu walionyesha madhara ya moyo. Lakini wazo hilo halijathibitishwa kwa binadamu. Wataalamu wengine hutaja minyoo, maambukizi na utapiamlo. Tena huko Kerala ugonjwa umepungua sana, na mchanga bado ni ule ule. Kilichobadilika ni hali ya maisha. Hilo peke yake linatufundisha: mwili uliolishwa vizuri hujilinda kuliko mwili wenye njaa.

MARAFIKI WABAYA

Jambo la mwisho kabla ya mashauri. Madini adimu hayakai peke yake mwambani. Mara nyingi yako pamoja na toriamu, ambayo hutoa mionzi, na pamoja na floridi. Katika mji wa Baotou, kaskazini mwa China, penye viwanda vikubwa vya chuma na vya madini haya, kondoo waliochungwa jirani waliharibika meno na mifupa hata wakashindwa kutafuna. Mkosaji aliyepatikana alikuwa floridi ya moshi wa viwandani. Ndugu zetu wa miteremko ya Meru, ambao meno yao ni ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyo katika maji, wataielewa habari hii bila kuelezwa. Kwa hiyo pakiwa na mgodi, usiulize habari ya madini adimu peke yake. Uliza pia wenzake, na uliza tindikali zilizotumika kuyasafisha.

TUFANYE NINI?

1. Ukiandikiwa kipimo cha MRI, usikikatae kwa hofu. Mweleze daktari kama una ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu, na kama umewahi kudungwa dawa hiyo. Uliza: "Je, nitadungwa dawa? Figo zangu zimepimwa?" Mama mjamzito aseme mapema kwamba ana mimba.

2. Mchimbaji alowanishe mwamba kwa maji kabla ya kuuponda, na avae kizuia vumbi cha kazi hiyo. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Nguo za kazi ziloweshwe kwanza, zisikung'utwe.

3. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu, na utaje kazi unayofanya.

4. Mifugo isinyweshwe katika bwawa la maji machafu ya mgodi wala isichungwe juu ya mabaki yake. Ukiona wanyama wanachechemea, meno yanaharibika au mimba zinatoka, mwite afisa mifugo. Andika tarehe na mahali walipochungwa.

5. Panapoanzishwa mgodi, wanakijiji waombe maji ya visima na mito yapimwe kabla ya kazi kuanza, na nakala ya majibu ibaki katika ofisi ya kijiji. Bila kipimo cha kwanza, hakuna wa kuamua baadaye kama maji yameharibika au yalikuwa hivyo tangu zamani.

6. Mama anayetamani udongo asikemewe, apelekwe kliniki apimwe damu. Mara nyingi tamaa hiyo huandamana na upungufu wa damu. Madini adimu yaliyo katika udongo huo karibu yote yatapita tu, lakini udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo na risasi, tena huzuia chuma kufyonzwa.

7. Chakula kisiwe muhogo mtupu. Ongeza maharage, mboga za majani, karanga na unga usiokobolewa. Humo mna magnesiamu na chuma.

Tunachokula kikiwa safi, utumbo hutulinda bila hata sisi kujua. Mapafu na mishipa havina ulinzi huo, navyo vyahitaji tuvilinde sisi wenyewe. Baba anayerudi na vumbi mabegani, na bibi mwenye kisukari aliyeandikiwa kipimo mjini, ndio wa kuketi nao leo jioni na kuwaeleza haya.